Kompyuta Ndogo Yamtosha Mwanafunzi

Naomba nafasi katika jarida letu nijibu jambo lililosemwa ukumbini muhula uliopita. Katika mdahalo wa Ijumaa ya mwisho kabla ya mitihani hoja ilikuwa hii: "Kompyuta ndogo haimfai mwanafunzi wa sekondari." Mimi nilikuwa upande wa kupinga, nasi tukashindwa kwa kura nyingi. Kushindwa hakukuniuma, maana mdahalo ni mdahalo. Kilichonichoma ni maneno ya mwenzetu mmoja aliyesema kwamba mashine hizo ni za watoto wa chekechea, na kwamba mzazi ampendaye mwanawe humnunulia kubwa au huacha kabisa. Watu walipiga makofi, saa ikawa imekwisha, nami nikakaa kimya. Leo nasema.

Nasema kwa sababu mashine hiyo ninayo. Yangu ina kioo cha inchi 11.6, nayo huingia katika mkoba wa madaftari hata abiria wa jirani katika daladala asijue nimebeba nini. Naishi hapa Mchafukoge na mama yangu na mdogo wangu, katika chumba na sebule. Meza yetu ni moja: juu yake twala, mama hupanga khanga zake za biashara, nami husomea. Kompyuta kubwa ingekaa wapi? Walakini siutetei udogo kwa sababu ya ufinyu wa nyumba tu. Neno langu ni hili: kitu kidogo kilicholipiwa kwa jasho, ambacho mwenyewe akijua ndani na nje na kukitunza, hufanya kazi kuliko kikubwa kilichonunuliwa ili kitazamwe.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Kompyuta ya kwanza nchini kwetu, aina ya ICT 1500, ilifungwa Hazina mwaka 1965. Haikuwa ya kuwekwa mezani, sembuse mkobani. Mwaka 1974, wakati kompyuta zote za nchi zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, serikali ilipiga marufuku kuingiza nyingine, baada ya hesabu kuharibika na fedha nyingi kupotea katika kazi ile. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, na leo kompyuta zimejaa kila mtaa. Lakini funzo limebaki. Ukubwa wa mashine zile haukuziokoa. Watu wa kuzijua na kuzisimamia walikuwa wachache.

Sasa tazama safari ya mashine ndogo. Mwaka 2005 Mmarekani Nicholas Negroponte alitangaza nia ya kutengeneza kompyuta ya mtoto wa shule kwa dola 100. Ilipotoka kiwandani mwaka 2007 bei yake ilikaribia dola 200, lakini jirani zetu wa Rwanda waliigawa kwa watoto wengi wa shule za msingi. Mwaka huo huo wa 2007 kampuni ya Asus ilitoa Eee PC, yenye kioo cha inchi 7 na uzito usiofika kilo moja. Wako walioicheka, kisha makampuni makubwa yakaiga. Mwaka 2014 Lenovo wakatoa ThinkPad 11e, iliyozungushiwa mpira pembeni kwa kuwa ilikusudiwa mikono ya wanafunzi. Nchi zilizoendelea huzinunua mashine za jamii hii kwa ajili ya shule zao, na zikibadilisha, zile za zamani huuzwa mitumba. Basi kinachoitwa kompyuta ya chekechea ni kitu kilichoundwa makusudi kwa ajili ya mwanafunzi, kistahimili kuangushwa na kubebwa kila siku.

Nitawaeleza wasomaji jinsi nilivyoipata yangu, pamoja na ujinga wangu, ili wengine wasiurudie.

Novemba 2025 ilikuwa zamu ya mama kupokea upatu. Alipokea fedha zilizokusudiwa kuongeza khanga za kuuza sikukuu za mwisho wa mwaka. Akatoa humo shilingi 300,000, akaniwekea mkononi, akasema, "Mwanangu, hizi ni doti ishirini na tano. Kanunue hicho unachokililia, lakini nataka nizione doti zangu zinafanya kazi." Sikulala usiku ule kwa furaha.

Kesho yake nilivuka Mnazi Mmoja nikaingia Kariakoo. Katika duka moja, ambalo jina lake nalihifadhi, muuzaji kijana alinionyesha mashine ndogo safi, imefutwa mpaka inang'aa, nayo ilikuwa tayari imewashwa. Akasema, "Dada, hii haijatumika, ni kama mpya." Nilitazama rangi, nikatazama kioo, nikalipa shilingi 260,000. Sikumwambia aizime na kuiwasha tena. Sikuchomoa waya wa umeme. Hapo ndipo palipokuwa na kosa langu.

Nyumbani ikachukua dakika saba kufunguka. Kuandika sentensi moja ilikuwa kama kumsubiri mzee apande ngazi. Umeme ulipokatika betri haikumaliza saa moja. Niliporudi dukani nikaambiwa mali ikishatoka hairudi. Mama hakunigombeza. Kwa siku mbili hakutaja kompyuta kabisa, na kimya kile kilikuwa kizito kuliko kugombezwa. Sikukuu zilikuwa zakaribia, na meza yake barazani ilikuwa na khanga chache kuliko za majirani. Kila nilipoitazama meza ile niliziona zile doti ishirini na tano.

Siku ya tatu nilimwendea fundi mmoja mtu mzima, afanyaye kazi kwenye kibaraza karibu na kwetu. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, binti yangu. Leta tuone." Akaifungua kwa bisibisi, vumbi likatoka kama unga. Akaipima, kisha akaniambia, "Usiitupe. Kichwa chake kizima, miguu ndiyo iliyochoka." Akanionyesha hesabu ambayo diski yenyewe huitunza ndani yake, ya saa ilizowahi kufanya kazi. Ilikuwa imevuka saa 19,000. Hiyo ndiyo mashine niliyoambiwa haijatumika!

Jina la mtaa wetu, ukilikata katikati, lasikika kama amri ya mama kwa mtoto atokaye kucheza: mchafu, koge! Basi mashine yangu nayo ilibidi koge, nayo ilikoga kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza ilikuwa diski. Ile ya zamani ilikuwa na sahani izungukayo na sindano isomayo, kwa hiyo kila jambo dogo lilingoja sahani izunguke. Kwa shilingi 40,000 zilizobaki nilinunua ya aina ya SSD, isiyo na kitu kizungukacho, yenye nafasi ya GB 120. Fundi alinifungia bila malipo, kwa sharti kwamba nifungue na kufunga skrubu zote mimi mwenyewe mara mbili mbele yake. Naliona sharti lile kuwa zawadi kubwa kuliko kazi yenyewe. Kama una fedha ya kubadili kitu kimoja tu katika kompyuta kuukuu, badili hicho.

Hatua ya pili ilikuwa programu endeshi. Mashine ilikuja na Windows 10, ambayo Microsoft walikuwa wameacha kuihudumia bure tangu tarehe 14 Oktoba 2025, yaani wiki chache kabla sijainunua. Windows 11 nayo yataka vifaa vya usalama na kichakataji kipya ambavyo mashine ya umri ule haina. Fundi alinishauri Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambao mtu huupata bure na kwa halali. Tukaweka ule uitwao Linux Mint, wa umbo la Xfce, ambao ni mwepesi. Tangu siku ile mashine hufunguka kabla sijamaliza kupanga madaftari yangu.

Hatua ya tatu ilikuwa kupunguza mizigo. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ni GB 4 tu, wala sijaiongeza. Nimezuia programu zisizo na kazi zisijiwashe zenyewe. Kivinjari ndicho mlafi mkubwa, kwa hiyo sifungui kurasa kumi kwa pamoja. Nasoma moja, naifunga, nafungua nyingine. Kwa kuwa kioo ni kidogo, nimeuficha ule mstari wa vitufe ukaao chini, na nisomapo nabonyeza F11 ili ukurasa ujaze kioo chote. Kadhalika nimejifunza kuandika kwa vidole kumi, kwani anayetafuta herufi kwa kidole kimoja atachelewa hata akipewa mashine ya milioni tatu.

Hatua ya nne ilikuwa betri. Hii ilinichukua miezi mitatu, kwa sababu fedha sikuwa nayo. Nilianza kuwachapia majirani barua na maombi yao ya kazi kwa shilingi 500 kila ukurasa, na kazi ilipotimia nikanunua betri. Sasa nikipunguza mwanga wa kioo napata saa nne. Umeme wa LUKU ukituishia usiku wa kuamkia mtihani, sina haja ya kubisha hodi kwa watu.

Na doti za mama je? Nasema bila kujisifu kwamba zinafanya kazi. Mama huuza khanga nyingine kwa mkopo, na madeni yake alikuwa akiyaandika katika daftari, moja ukurasa wa mbele, moja wa nyuma, mengine pembeni mwa hesabu ya mchele. Nilikaa Jumapili nne nikayahamishia katika jedwali la LibreOffice: jina, tarehe, kilichochukuliwa, kilicholipwa, kilichobaki. Jumla ilipotokea mama alivaa miwani akaisoma mara mbili. Watu walikuwa wakidaiwa shilingi 184,000, naye alidhani haifiki hata laki moja. Hakuna aliyekuwa na nia ya kumdhulumu. Wengi walikuwa wamesahau kama yeye alivyosahau. Mpaka naandika haya zimerudi shilingi 110,000. Siku ile mama aliniambia maneno ambayo sitayasahau: "Sasa naziona doti zangu."

Katika masomo pia imenisaidia. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada. Hununua bando dogo, nikapakua kitabu mara moja, nikakihifadhi, kisha nasoma siku zote bila kulipa tena. Anayesoma moja kwa moja mtandaoni kila siku hununua kitabu kile kile kila siku.

Sasa nijibu hoja za wapinzani wangu, kwani si haki kuzipita.

Wako wasemao kwamba simu yatosha. Simu ni nzuri kwa kutazama na kusikiliza, lakini mwanafunzi hatakiwi kutazama tu, hutakiwa kutunga. Mwenye kubisha aandike insha ya maneno elfu moja kwa kidole gumba, kisha aje tuzungumze.

Wako wasemao kwamba atakayezoea Linux atapotea ofisini. La hasha. Barua ni barua, na jedwali ni jedwali. Kazi niliyoiandika nyumbani naihifadhi kwa namna ambayo kompyuta za shule huifungua, na sijaona mwalimu aliyeikataa. Tena, tusisahau kwamba Watanzania wamewahi kuzifanyia programu huria kazi kubwa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kuhesabia iliyokuwa kwa Kiswahili. LibreOffice nitumiayo leo imetoka katika ukoo huo huo wa OpenOffice. Kwa hiyo anayeziita programu hizi za kigeni hajui historia yake.

Wako wasemao kwamba kitu kidogo huibwa upesi. Hilo ni kweli, wala sina jawabu la kuzuia wezi. Nafanya niwezalo: siitoi katika daladala, na kila Jumamosi nanakili kazi zangu zote katika flashi iliyowekwa kabatini kwa mama. Mwizi atachukua chombo, lakini kazi zitabaki.

Na liko jambo ambalo nakubali wazi. Mwenye nia ya kuhariri filamu au kuchora majengo atahitaji mashine yenye nguvu zaidi, maana hii yangu itamchosha kabla ya saa sita. Kizuri hakikosi ila. Lakini wangapi miongoni mwetu wafanya kazi hizo? Wengi wetu twaandika, twasoma, twahesabu na kutafuta habari. Kumnunulia mtu wa namna hiyo kompyuta ya milioni mbili ni kama kukodi lori kupeleka kikapu kimoja cha nyanya.

Sasa nina maneno machache kwa makundi matatu.

Kwa wazazi wetu: msinunue kwa macho wala kwa ukubwa. Fikeni dukani na mtu ajuaye, na mambo haya myafanye kabla ya kutoa fedha. Mwambieni muuzaji aizime mashine kabisa, kisha aiwashe mbele yenu, nanyi mtazame saa. Chomoeni waya wa umeme, muiache ifanye kazi kwa betri nusu saa. Asiyetaka kungoja nusu saa ana la kuficha. Bonyezeni kila herufi. Fungueni na kufunga kifuniko, msikilize bawaba. Ulizeni saa za diski. Hakikisheni haina neno la siri lililowekwa na shule au ofisi ya kwanza, kwa sababu nyingine hufungwa tangu huko zitokako na fundi wa kawaida hawezi kuzifungua. Mkionyeshwa ile iitwayo Chromebook, ulizeni mambo mawili zaidi: tarehe ambayo masasisho yake yatakoma, na kama bado imeandikishwa kwa shule ya ng'ambo, maana iliyoandikishwa hata ikifutwa yote ndani hurudi kuulizia shule yake. Mwisho, daini stakabadhi yenye siku za kurudisha mali. Mimi sikudai, nami nililipa gharama ya kutodai.

Kwa walimu wetu: naomba kwa heshima kwamba saa moja kila wiki, baada ya vipindi, itengwe kwa ajili ya utunzaji wa kompyuta. Twafundishwa sehemu za kompyuta na majina yake, nasi twayajibu vizuri katika mtihani. Lakini wangapi wamewahi kushika bisibisi? Chumba chetu cha kompyuta kina mashine kadhaa zilizofunikwa kitambaa kwa kuwa zimekuwa nzito. Huenda baadhi yake kichwa ni kizima na miguu ndiyo iliyochoka. Tupewe moja tu, mbovu kuliko zote, tuijaribu chini ya uangalizi wa mwalimu. Ikipona, shule itakuwa imepata kompyuta kwa bei ya diski. Isipopona, tutakuwa tumejifunza, na hakuna kilichopotea kwani ilikuwa imekwisha kufa.

Kwa wanafunzi wenzangu: tuache kuona haya kwa ajili ya vitu vidogo. Mwenye mashine kubwa asiyejua ndani mna nini ni mpangaji katika nyumba yake mwenyewe, kila siku yumo mikononi mwa fundi. Mwenye ndogo aliyeifungua akaisafisha na kuijua ni mwenye nyumba. Wembamba wa reli, garimoshi hupita juu yake.

Nasikia kwamba muhula ujao hoja ile ile italetwa tena ukumbini. Mara hii sitakuja na maneno tu. Nitaiweka mashine yangu juu ya meza mbele ya wote, nitaiwasha ikiwa imezimwa kabisa, na mwenzetu yule mwenye kubwa aiwashe yake. Kisha kila mmoja wetu aeleze imefanya kazi gani tangu inunuliwe. Baada ya hapo wasikilizaji wapige kura, nami nitaridhika na hukumu yao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano